Leicester au Dwarka: ipi iwe safari ya kwanza?

Familia ya Kigujarati ya Afrika Mashariki ikishadunduliza nauli na kupata likizo ya wiki tatu, ubishi wa mezani huwa wa pande mbili. Wapo wanaotaka Uingereza: shangazi yuko Leicester, binamu wametapakaa Wembley na Harrow, na hekalu la mawe meupe liko Neasden, kaskazini-magharibi mwa London. Wapo wanaotaka Gujarat, hasa rasi ya Kathiawar, walikobaki ndugu wa babu katika miji ya Jamnagar, Rajkot na Porbandar, na yaliko mahekalu ya Dwarka na Somnath yanayotazama bahari ileile iliyoleta majahazi Unguja na Mombasa. Kila upande unadai safari yake itamaliza mambo mawili kwa mpigo, jamaa na ibada. Ni kweli, ila kwa viwango tofauti kabisa.

Msimamo wangu niuseme mapema: kama msafarani kuna mzee, Gujarat kwanza. Uingereza inaweza kungoja, magoti hayangoji.

Jamaa wanaopatikana Jumapili, na jamaa wasiokuachia hata Jumatatu

Jamaa wa Uingereza wengi wao ni watu wetu wa juzi. Wako waliotoka Zanzibar baada ya 1964, wako waliotoka Kenya mwaka 1967 na 1968 wakiwahi kabla sheria mpya ya uhamiaji ya Uingereza haijawafungia mlango, na wako waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kutoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende kwao. Walikwenda vilevile, na leo Belgrave Road ndiyo barabara ya maduka ya dhahabu, sari na halua ambayo watu huifuata kutoka miji mingine. Wazee wa kizazi hicho bado wanaagiza muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, na ukiwaamkia kwa Kiswahili watakushikilia mpaka chai ipoe. Kwa mazungumzo, Leicester iko karibu na Kariakoo kuliko Jamnagar.

Shida ni saa za kazi. Jumatatu hadi Ijumaa nyumba hubaki tupu kuanzia asubuhi. Utaachiwa ufunguo, utaelekezwa namna ya kuwasha joto la nyumba, na utabaki na kibaraza cha nyuma chenye ukungu. Kutembeleana ni kwa miadi, Jumamosi au Jumapili, na wikendi nne zikigawanywa kwa familia saba, kuna watakaonuna. Hapo ndipo hekalu linapokuwa na faida ambayo watu hawaisemi wanapopanga: ni mahali pa kwenda siku za kazi. Unapanda basi, unasikia kengele, unakaa na kina mama wazee wanaoimba bhajani, nyimbo za ibada, mchana, unakula, unarudi kabla giza halijaingia. Mgeni aliye na hekalu karibu na nyumba ya mwenyeji wake hachakai roho.

Gujarat ni kinyume chake. Kule hakuna atakayekuacha peke yako. Kila nyumba ya ukoo inadai chai na vitafunio, na nyumba ukiiruka, jioni watakuja kuuliza wamekukosea nini. Bahasha za zawadi lazima ziishie na moja, 501 au 1,101, kwa sababu tarakimu ya sifuri huonekana kama mwisho wa baraka. Wiki ya kwanza inakwisha hujatoka nje ya mji. Basi huku hekalu lina faida nyingine, nayo ni ruhusa ya kuondoka. Ukisema "kesho tunakwenda Dwarka" hakuna shemeji wala mjomba atakayepinga. Watakachofanya ni kusema "nasi tupo", kwa hiyo kodi gari la viti vingi kuliko ulivyodhani.

Darshani na hija si kitu kimoja

Hekalu la Neasden lilifunguliwa Agosti 1995 na Pramukh Swami Maharaj, kiongozi wa BAPS, tawi mojawapo la wafuasi wa Swaminarayan, mtakatifu wa Kihindu. Chokaa ngumu ilichimbwa Bulgaria, marumaru ikatoka Carrara nchini Italia, yote ikapelekwa India kuchongwa kwa mikono, kisha vipande zaidi ya 26,000 vikasafirishwa London na kupangwa bila nguzo za chuma. Waumini walijitolea kazi, na watoto wakakusanya makopo ya alumini ili yauzwe. Sehemu kubwa ya waumini hao walikuwa watu wa Nairobi, Kampala na Dar. Mgeni anaweza kushiriki abhisheki, yaani kuimwagia maji sanamu ya Nilkanth Varni, yaani Swaminarayan akiwa kijana, huku akiombewa jambo lake. Ng'ambo ya barabara kuna mkahawa usiotumia kitunguu wala kitunguu saumu. Kiti cha magurudumu kinapita bila taabu.

Ni pazuri, na sitamwambia mtu asiende. Lakini mtu wa Nairobi ajiulize kidogo: BAPS ilifungua hekalu la mawe la kuchongwa hapohapo Nairobi mwaka 1999. Kama anachotaka ni kuona dari iliyochongwa kama kitambaa cha lesi, hahitaji viza. Kinachomvuta Uingereza ni watu, na hilo ni sababu tosha bila kuipaka rangi ya hija.

Leicester yenyewe ina mahekalu ya mtaani yasiyo na mbwembwe: Shree Sanatan Mandir iliyo katika jengo lililokuwa kanisa, na la Jalaram Bapa, mtakatifu wa Gujarat, huko Narborough Road. Nje ya Watford kuna Bhaktivedanta Manor, nyumba ya shamba ambayo mwanamuziki George Harrison wa Beatles aliwapa waumini wa Hare Krishna mwaka 1973, na karibu na Birmingham kuna hekalu la Balaji la Tividale kwa wenye asili ya kusini mwa India. Yote haya ni darshani: unamwona Mungu naye anakuona, unapokea prasadi, chakula kilichobarikiwa, unarudi nyumbani.

Dwarka ni mojawapo ya dhamu nne, pembe nne za India ambazo Mhindu hutamani kuzikanyaga kabla ya kufa. Nyingine ni Badrinath, Puri na Rameswaram. Hapa ndipo mji wa mungu Krishna. Hekalu la Dwarkadhish lina ghorofa tano, na juu ya mnara wake hupepea dhaja, bendera kubwa yenye jua na mwezi, inayobadilishwa mara kadhaa kila siku. Familia hugharimia bendera hiyo kwa zamu: huibeba kichwani kupitia mitaani kwa ngoma, kisha mpandaji hukwea mnara mikono mitupu na kuifunga. Ukitaka siku yako, mtafute mapema kuhani wa Kigugali, jamii ya makuhani wa Dwarka, anayeshughulikia familia za ukoo wenu. Jamaa wa Jamnagar watamjua. Ukifika bila mpango utaitazama bendera ya wengine, jambo ambalo nalo si dogo.

Kutoka hapo hekalu la Nageshwar liko karibu, na Bet Dwarka, kisiwa ambacho zamani kilifikiwa kwa boti zilizojaa kupita kiasi kutoka Okha, sasa kina daraja, Sudarshan Setu, lililofunguliwa Februari 2024. Kwa mzee aliyekuwa akiogopa boti, daraja hilo limebadilisha hesabu yote.

Barabara ya pwani kwenda Somnath, zaidi ya kilomita 200, hupita Porbandar, na hapo usipite tu. Kirti Mandir, jumba la kumbukumbu lililo kando ya nyumba alimozaliwa Gandhi mwaka 1869, lilijengwa kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, yule aliyetajirika kwa sukari ya Lugazi, Uganda. Sukari yetu iko kwenye kuta zile.

Somnath inahesabiwa ya kwanza kati ya jyotirlinga 12, mahali patakatifu zaidi pa mungu Shiva. Ilivamiwa na Mahmud wa Ghazni karibu mwaka 1026, ikabomolewa na kujengwa tena mara nyingi. Hekalu la sasa ni la baada ya uhuru: Sardar Patel, naibu waziri mkuu wa India, alitangaza azma ya kulijenga Novemba 1947, na Rais Rajendra Prasad akaliweka wakfu Mei 1951. Ukienda, panga kuwapo kwenye arti, ibada ya taa, ya saa moja jioni, mawimbi yakigonga ukuta. Simu, kamera na mikoba huachwa nje. Asiye Mhindu, tuseme mkwe wa dini nyingine, hutakiwa kuomba ruhusa ofisini kwanza, hivyo mweleze kabla hajafika mlangoni akaona aibu.

Halafu kuna mahekalu mawili ambayo mawakala wa safari huyasahau, na kwangu ndiyo yanayoipa Gujarat ushindi.

La kwanza ni Virpur ya Jalaram Bapa, chini ya kilomita 60 kutoka Rajkot. Walohana, jamii ya wafanyabiashara wa Kigujarati, wengi wao hapa Afrika Mashariki wana picha yake dukani: mzee mwenye kilemba na fimbo. Tangu Februari 2000 hekalu hili halipokei sadaka ya fedha kutoka kwa mtu yeyote, na bado linalisha kila anayefika. Mtu aliyezoea visanduku vya michango kila kona hushikwa na bumbuwazi akirudishiwa noti yake.

La pili halina jina la kukuandikia, kwa sababu ni lako. Kila ukoo una kuldevi, mungu wa kike wa ukoo, na hekalu lake huwa kijijini mlikotoka, pengine chumba kimoja chini ya mwarobaini. Wengine wana Khodiyar, wengine Chamunda wa kilima cha Chotila, wengine Ashapura wa Kutch. Bibi na bwana harusi wapya hupelekwa huko kufunguliwa fundo la nguo zao, na mtoto hupelekwa kunyolewa nywele za kwanza. Neasden haiwezi kukufanyia hilo hata ikiwa na marumaru maradufu. Na njia ya kulifikia ni jamaa peke yao: nani mwingine anajua ugeukie mti upi baada ya kituo cha mafuta?

Suala la magoti

Kutoka Gomti, mto unaoingia baharini chini ya hekalu la Dwarka, kuna ngazi 56 hadi mlango wa nyuma. Wanaoweza huoga mtoni kisha wakapanda. Bi mkubwa asiyeweza aingizwe kwa mlango wa upande wa sokoni, ambako ngazi ni chache na kiti cha magurudumu huombwa. Kule Girnar, mlima wa Junagadh, ngazi zinakaribia 10,000 hadi kileleni, lakini tangu Oktoba 2020 kuna kigari cha waya kinachokufikisha hadi hekalu la Ambaji. Juu ya hapo ni miguu yako.

Jambo lingine ni sakafu. Viatu huvuliwa, na jiwe la saa saba mchana huko Kathiawar linaunguza. Beba soksi nene. Foleni nazo si za Kiingereza: watu husukumana kwa upendo, ila husukumana. Mzee wa miaka 68 anayapita haya akiwa na kijana wa kumshika mkono. Akifika 78, huenda akashindwa hata kama moyo unataka. Neasden ya mwaka huu na Neasden ya miaka kumi ijayo ni ileile, viti vipo, lifti ipo. Ndiyo maana nasema mpangilio wa safari hizi mbili uamuliwe na umri wa anayesafiri. Bei ije baadaye.

Karatasi na njia

| | Uingereza | Gujarat |
|---|---|---|
| Viza | Ya mgeni, hadi miezi 6. Alama za vidole, taarifa za benki, barua ya mwenyeji. Jibu huchukua kama wiki 3 | Ya kielektroniki, huombwa mtandaoni, hujibiwa ndani ya siku chache |
| Ndege | Nairobi hadi London kama saa 9. Kutoka Dar kwa kuunganisha | Nairobi au Dar hadi Mumbai kama saa 6, kisha ndege ya ndani au treni |
| Ndani ya nchi | London hadi Leicester kwa treni, saa moja na kidogo | Mumbai hadi Dwarka kwa Saurashtra Mail, usiku kucha na sehemu ya mchana |
| Malipo | Kadi kila mahali | Wenyeji hulipa kwa simu. Mgeni abebe noti ndogo |
| Miezi mizuri | Mei hadi Septemba, au Diwali | Novemba hadi Februari |

Jedwali linaficha mambo machache. Ada ya viza ya Uingereza hairudi ukikataliwa, na familia ya watu watano huomba viza tano, si moja. Barua ya mwenyeji isiwe ya mapenzi tu, ionyeshe anaishi wapi, anafanya kazi gani, na nani atagharimia nini. Afisa anataka kuona kitakachokurudisha: duka, kazi, watoto shuleni.

Kwa India, anayetokea Kenya au Uganda lazima awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini. Mtanzania naye asiache cha kwake kabatini, hasa akipitia Nairobi au Entebbe. Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla, na za Desemba hukwisha haraka, basi mpe binamu wa Rajkot kazi hiyo badala ya kuhangaika na mtandao ukiwa mbali.

Mwenye asili ya India, mpaka kitukuu, anaweza kuomba kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, raia wa India wa ng'ambo) inayomruhusu kuingia India maisha yake yote bila viza. Jina lake linataja uraia lakini si uraia: huwezi kupiga kura wala kununua shamba. Hati za babu ndizo ngumu kupata. Ni kazi nyingine ya kufanya ukiwa huko kijijini, kumwomba karani wa kumbukumbu, na ni sababu nyingine ya kutanguliza Gujarat.

Saa na miezi

Mahekalu mengi hufunga mchana miungu ikapumzika. Dwarka hufunga tangu mchana hadi kama saa kumi na moja jioni, na vihekalu vya ndani vya Neasden navyo hufungwa kwa saa kadhaa za alasiri. Somnath huwa wazi asubuhi hadi usiku. Watu wanaosafiri saa nne garini kisha wakaukuta mlango wa Dwarka umefungwa ni wengi mno. Lala Dwarka, usiende na kurudi siku moja.

Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, ikiangukia Agosti au Septemba, Dwarka hufurika kiasi kwamba sioni sababu ya kumpeleka mtoto mdogo. Aprili hadi Juni joto la bara, kama Rajkot, hupita nyuzi 40, kisha mvua zinaingia. Kwa Uingereza, ukiweza kuvumilia baridi, Diwali ya Belgrave Road na Annakut ya Neasden siku inayofuata, vyakula vya mboga vikipangwa ngazi kwa ngazi mbele ya miungu, ni mambo ya kuonwa. Usibebe vitamu vya maziwa, kama penda na mithai nyingine, kutoka nyumbani: forodha ya Uingereza hairuhusu nyama wala maziwa kutoka nje ya Ulaya. Korosho na chai hupita na hupendwa zaidi.

Kwa wanaopenda kuinua glasi: Gujarat pombe imepigwa marufuku.

Ukiwa na majivu

Hapa hakuna ulinganisho mrefu. Familia iliyohifadhi sehemu ya majivu ya marehemu ili yafike India huenda Gomti ya Dwarka au Triveni ya Somnath, mito inapokutana na bahari, na kuhani hufanya ibada palepale. Chukua cheti cha kifo na cha uchomaji, na uliza ubalozi wa India na shirika la ndege kabla ya siku ya safari. Waingereza wetu wengine huyamwaga katika mto Soar huko Leicestershire, na wana amani nayo. Ila kama marehemu alitaja Dwarka kwa kinywa chake, basi mjadala umekwisha. Kumbuka pia kwamba nyumba ikiwa na msiba mpya, wenyewe hawaendi hekaluni mpaka siku za sutaki, yaani mwiko wa msiba, ziishe. Ukikuta hivyo, usimlazimishe mwenyeji akusindikize.

Nani aende wapi

Vijana waliooana karibuni waende Gujarat, kwa sababu ya kuldevi, na wawahi kabla mtoto wa kwanza hajaja na kuongeza ibada juu ya ibada. Mjane anayetaka kukaa na dada yake miezi mitatu aende Leicester; viza inamruhusu, na hekalu litamjazia siku za kazi. Wanafunzi wanaotafuta vyuo waende Uingereza, na wasijidai ni hija. Mwenye nadhiri aitimize alikoiwekea. Aliyemwahidi Jalaram Bapa wa Virpur anaweza kuanza na hekalu la Narborough Road, lakini moyoni atajua deni bado lipo. Familia zenye mizizi ya Kutch zina hesabu yao: vijiji vya karibu na Bhuj na hekalu jipya la Swaminarayan la huko, lililojengwa kwa marumaru baada ya tetemeko la Januari 2001 na kufunguliwa 2010, viko mbali na njia ya Dwarka na Somnath. Usijaribu vyote katika wiki mbili.

Na kabla hamjalipa chochote, pigeni simu Leicester. Jamaa wa kule nao huenda Gujarat majira ya baridi, shule zikifungwa, na harusi za ukoo hupangwa kabla ya katikati ya Desemba au baada ya tarehe 14 Januari, maana katikati hapo ni kamurta na ndoa husimama. Ulizeni lini shangazi anatua Rajkot. Mara nyingi mtakuta tarehe zake na zenu zinapishana kwa siku chache tu, na tiketi ya Mumbai inasogezeka.